Sindano ya Maji

Watu walimwita Mama Saa, na jina hilo hakulipata kwa mtoto. Alilipata kwa kibanda chake kilichobanwa kati ya duka la dawa na duka la fotokopi, kibanda chembamba ambacho mteja mnene alikiingia kiubavu. Humo ukutani zilining'inia saa zaidi ya mia mbili, nyingine zikitembea, nyingine zimelala, na kila saa kamili ilipofika zile zilizokuwa hai zililia moja baada ya nyingine, maana hakuna mbili zilizokubaliana. Ufundi aliurithi kwa baba yake. Wanaume waliokuja kwa mara ya kwanza walimtazama, wakatazama nyuma yake, kisha wakauliza, "Fundi yuko wapi?" Naye alijibu bila kuinua uso, "Fundi anakusikiliza. Saa yako ina nini?"

Ugonjwa ulimwanzia vidoleni. Asubuhi moja ya baridi alinawa mikono kwenye bomba la nyuma, akaona vidole vitatu vimekuwa vyeupe kama chaki. Kidogo vikageuka buluu, kisha vikawaka vyekundu na kuuma kama vimepigwa nyundo. Akavisugua, akarudi kazini. Lakini mwezi baada ya mwezi vidole vikavimba, vikakakamaa, ngozi ikavutika na kung'aa kama ya ngoma iliyowambwa jana. Ikafuata zamu ya uso. Mdomo ukaanza kupungua. Mkate aliozoea kuuma bila kufikiri sasa aliumega vipande vidogovidogo, kana kwamba analisha ndege.

Alihangaika huku na huku. Daktari mmoja akasema ni mzio wa sabuni, wa pili akasema baridi yabisi, wa tatu akamshauri apunguze mawazo.

"Mawazo gani?" Mama Saa alimuuliza. "Mawazo yangu yote yako vidoleni, na vidole ndivyo vinavyoumwa!"

Miaka miwili ikakatika hivyo. Hatimaye akafikishwa hospitali kubwa, mbele ya daktari mmoja mwanamke, bado kijana, mfupi, mwenye sauti ndogo na raba za kukimbilia. Daktari huyo hakuanza na maswali. Aliushika mkono wake, akadondosha tone la mafuta kwenye ngozi ya mzizi wa ukucha, akasogeza hadubini na kuchungulia kwa muda mrefu.

"Njoo uone mwenyewe, Mama."

Mama Saa, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kuchungulia lenzi, akachungulia. Aliona vishipa vya damu. Daktari akamweleza kwamba kwa mtu mzima wa afya hivyo vishipa hujipanga sawasawa kama meno ya kitana. Vyake vingine vilikuwa vimevimba, vingine havipo kabisa.

"Gia zimekatika meno," akasema Mama Saa.

Daktari akacheka. "Hata mimi nisingeeleza vizuri hivyo. Ugonjwa huu unaitwa skleroderma, Mama. Kinga ya mwili ni kama walinzi wa nyumba. Wako wamemgeukia mwenye nyumba, wanampiga, na mwili kwa kujihami unajaza makovu chini ya ngozi. Ugonjwa huu una ndugu zake: lupasi, baridi yabisi, na wengine. Ukoo mmoja, kila mmoja na tabia yake."

"Na dawa?"

"Za kutuliza zipo, tutaanza leo. Ya kulegeza hii ngozi yenyewe ndiyo tunayoitafuta."

Siku ile alitoka hospitalini na ugonjwa usiopona, lakini alitembea kama mtu aliyepewa zawadi. Kwa miaka miwili alikuwa akipigana gizani. Sasa angalau adui alikuwa na jina.

Kibandani mikono yake ikawa ni wifi yake, dada wa mumewe, msusi mstaafu, mwanamke wa vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mama Saa alikaa pembeni akielekeza, wifi akashika kibano. Wiki ya kwanza springi ya saa iliruka ikapotelea kichwani mwa wifi, wakaitafuta mpaka mteja akachoka kusubiri.

"Kwenye nywele za watu nimekuta mengi," wifi akasema, "lakini vipuri vya saa, hii ni mara ya kwanza."

Basi, ulipopita mwaka, Daktari akamwita. Kulikuwa na dawa mpya. Usalama wake ulikwisha kupimwa. Lililobaki ni kujua kama inafanya kazi. Washiriki wangekuwa sitini. Nusu wangechomwa sindano ya dawa kila mwezi kwa mwaka mzima, na nusu sindano ya maji ya chumvi. Anayepanga ni kompyuta. Si daktari, si nesi, si mgonjwa atakayejua nani yuko wapi. Kila mmoja angeendelea na dawa zake za kawaida, na siku yoyote angeweza kujitoa. Daktari alisoma naye fomu ukurasa kwa ukurasa, kurasa kumi na moja, na kila alipouliza "Umeelewa, Mama?" Mama Saa alimrudishia yeye maelezo kwa maneno yake mwenyewe mpaka wote wawili wakaridhika.

Kazi ikawa kumweleza wifi.

"Yaani ufunge safari asubuhi yote ukachomwe sindano ya maji? Maji si haya hapa bombani? Nitakuchoma mwenyewe, sindano ya kushonea ninayo!"

"Huenda nikapata dawa."

"Na huenda ukapata maji."

"Ndiyo maana ya huenda, wifi."

Alisaini.

Siku ya sindano ya kwanza, kwenye benchi la nje ya chumba cha utafiti, alikuta mwanamke mrefu aliyejifunga skafu mpaka kidevuni. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na skleroderma ilimwanzia pale chaki ilipoanza kumponyoka mbele ya darasa. Hakusalimia.

"Wewe ni maji au dawa?"

"Hatujui. Ndiyo maana ya utafiti."

"Mimi ni maji. Najijua. Sijawahi kushinda bahati nasibu hata ya sabuni."

Mwezi wa pili Mama Saa alikuja na jibu. "Mimi ni dawa. Mkono uliniuma siku mbili."

"Mkono kuuma si ushahidi," Mwalimu akasema. "Hata ukichomwa na mwiba utauma."

Kuanzia hapo wakawa chanda na pete. Walipangiwa siku moja kila mwezi, wakabishana benchini mpaka wanapoitwa. Waliona wivu wa nani kaitwa kwanza, wakaambiana habari za watoto, za waume, za mapishi yaliyoungua kwa sababu vidole vilishindwa kuzima jiko kwa wakati.

Ndani, nesi aliwafinya. Ndiyo kazi yake ilivyokuwa, kufinya ngozi sehemu kumi na saba, kuanzia vidole na uso, kifua na tumbo, mpaka juu ya nyayo, na kila sehemu aliipa alama. Ngozi laini ilipata sifuri, iliyokakamaa kabisa ikapata tatu.

"Nimesahihisha mitihani miaka ishirini na sita," Mwalimu alinung'unika, "sijaona mtihani ambao mwenye sifuri ndiye aliyefaulu."

Kisha walipimwa pumzi kwenye mrija, na mwisho wakaambiwa wapanue mdomo, nesi akapima nafasi kati ya meno ya juu na ya chini. Hapo Mama Saa alikuwa amekwisha kuleta fujo tangu siku ya kwanza, nesi alipotoa rula.

"Mwanangu, hiyo rula imelika mwisho. Sifuri yake iko wapi?"

Nesi akaitazama rula. Kweli, ncha ilikuwa imesagika. Mama Saa akatoa mkobani kipimio chake cha kazi, kile chenye taya mbili za chuma, wakalinganisha. Rula ilikuwa inakula milimita mbili. Daktari alipoambiwa alikuja mbio na raba zake, akaitazama, akashika kichwa, kisha akamkumbatia fundi saa mbele ya watu. Kabla mtu wa pili hajapimwa, rula zote zilitupwa na vipimio vipya vikanunuliwa. Wiki nzima Mama Saa alitembea kifua mbele.

Nyumbani nako alijipima. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, alisimama mbele ya kioo, akapanua mdomo, akaandika namba kwenye daftari. Na daftari ndilo lililomsema. Alianza na milimita thelathini na nne. Baada ya miezi mitatu, thelathini na tatu. Ikakaa hapo, ikashuka thelathini na mbili. Mwezi wa tisa wa sindano ulipoanza, ilikuwa thelathini na moja. Unaweza kumdanganya wifi, unaweza kumdanganya hata daktari, lakini fundi saa hawezi kujidanganya kwa milimita tatu.

Alikwenda kliniki mwezi ule na daftari mkobani. Mwalimu alikuwepo, ameivua skafu, anamlalamikia mkuu wake wa shule huku anamenya chungwa. Ganda lilikuwa linashuka refu, halikatiki. Mama Saa akatazama. Vidole kumi, kila kimoja kazini.

"Mwalimu. Tangu lini unamenya chungwa?"

Mwalimu akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Akaliweka chungwa mapajani.

"Wiki tatu."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambiaje, shoga yangu? Mwezi uliopita ulishindwa kufungua chupa ya maji mbele yangu, nami nilikuwa naweza kuifungua. Nikajifanya siwezi. Tukakaa na kiu wote wawili."

Usidhani Mama Saa alikuwa malaika. Wivu ulimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Alitaka kusema jambo la kuumiza, na alikuwa nalo tayari. Kisha akalifikiria lile tukio, majitu mazima mawili yamekaa na chupa iliyojaa maji, moja haliwezi kuifungua na jingine linaona haya kuifungua, na kicheko kikamtoka asichokitarajia. Mwalimu naye akaangua. Nesi akatoka kuwanyamazisha.

Lakini kicheko hakifuti namba. Ndani, Mama Saa aliweka daftari lake mezani.

"Daktari, mimi ni maji."

"Sijui, Mama. Haki ya Mungu sijui."

"Mimi najua. Na yule mwenzangu wa benchini, yeye vidole vyake—"

Daktari akaziba masikio kwa mikono miwili. "Usiniambie! Ukiniambia nitaanza kumwona amepona hata kama hajapona!"

Alipohakikisha kwamba Mama Saa amenyamaza, alishusha mikono, akasema polepole, "Mapafu yako yako salama, nayafuatilia kila mwezi. Yangeyumba ningekutoa mimi mwenyewe. Lakini kama umechoka, una haki ya kuacha leo. Hutapungukiwa matibabu wala heshima."

"Nikiondoka itakuwaje?"

"Tutaendelea na waliobaki. Ila kila anayeondoka anatupunguzia mtu wa kulinganisha."

Mama Saa akamkumbuka baba yake. Mzee yule hakuwahi kuihukumu saa ikiwa peke yake. Aliitengeneza, akaiweka kando ya nyingine ambayo hakuigusa, akaziacha wiki nzima. Saa moja haikuambii kama inakimbia au inachelewa, alikuwa akisema. Inakuambia saa tu.

"Basi nabaki," akasema. "Huyo ambaye sijamtaja, kama hana wa kulinganishwa naye, nani atasadiki kwamba ni dawa iliyomsaidia? Watasema ni hali ya hewa."

Daktari akafungua droo. Alijifanya anatafuta kalamu.

Miezi mitatu iliyobaki ikawa ya raha kuliko yote iliyotangulia. Mwalimu alianza kuja kibandani kila Jumamosi, kushika daftari na kuchora grafu. Alifungua chupa zote bila kuombwa, hata zisizohitaji kufunguliwa. Yeye na wifi walichukiana siku mbili, siku ya tatu wakaungana dhidi ya mwenye kibanda, wakamwambia saa zake mia mbili zinawatia wazimu na angalau angezipanga zikubaliane. Akakataa. Zikikubaliana zote, aliwauliza, atajuaje ipi imeharibika?

Siku ya matokeo washiriki waliitwa kwenye ukumbi wa hospitali. Kati ya sitini, hamsini na wanane walikuwa wamefika mwisho. Wifi alikuja kama mwanafamilia na kukaa mstari wa mbele. Daktari alisimama na karatasi zake. Yeye mwenyewe alikuwa ameyajua matokeo siku tatu tu zilizopita. Ukutani ikatokea picha ya mistari miwili ya alama za ngozi. Mmoja ulikwenda karibu sawa, ukipanda kidogo. Mwingine ulianza pamoja na mwenzake, ukatembea naye miezi minne, kisha ukaanza kushuka, ukashuka, ukashuka.

Mzee mmoja wa nyuma akauliza kwa huzuni, "Kwa hiyo hiyo inayoshuka ndiyo wamezidiwa?"

Mwalimu akasimama mpaka kiti kikaanguka. "Kushuka ndiyo kupata nafuu! Sifuri ndiyo kufaulu! Mwaka mzima nawaambia!"

Ukumbi ukalipuka. Watu walipiga makofi, waliokuwa hawawezi kukunjua viganja wakapiga mapaja. Mmoja alilia, jirani yake akamfuta machozi na karatasi ya ratiba. Nesi aliyewafinya mwaka mzima alikumbatiwa na watu waliokuwa wakimwita mfinyaji, naye akajibu kwamba angewafinya tena kesho kwa furaha.

Wakagawiwa bahasha, kila mmoja na yake. Mama Saa vidole vilimgomea, akampa Mwalimu. Mwalimu akachana, akasoma, akaikunja tena karatasi.

"Sema, mwenzangu. Siyo msiba."

"Maji."

"Maji!" Mama Saa akapaza sauti kama aliyeshinda kombe. "Nilisema au sikusema? Kipimio changu hakikosei!"

Daktari akaomba utulivu. Akasema dawa si uchawi, haikumsaidia kila mtu, na bado wangefanya utafiti mkubwa zaidi. Akasema kila aliyepangiwa maji angepewa dawa kuanzia mwezi uliofuata, akitaka. Kisha sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi. "Bila huu mstari wa juu, huu wa chini usingekuwa na maana. Naomba watu wa maji wasimame."

Wakasimama, mmoja mmoja, kwa haya, kama wanafunzi walioitwa mbele. Walikuwa ishirini na tisa. Waliokuwa wamekaa wakawapigia makofi yasiyokwisha, na wifi, ambaye mwaka mzima alikuwa akiyatukana yale maji, akapiga kigelegele kilichomfanya mlinzi afungue mlango kuona kuna nini.

Mama Saa alianza sindano za kweli. Mwezi wa kwanza kimya, wa pili kimya, wa nne kimya. Wifi akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Katika mwezi wa sita, Jumamosi moja, kipimio kilisoma thelathini na mbili. Alijipima mara tatu, akampa Mwalimu kipimio kingine ampime yeye, ndipo akakubali. Baada ya wiki sita, thelathini na nne. Mwaka ulipokaribia kuisha, thelathini na saba, na siku hiyo aliuma mkate mzima mzima, akatafuna macho amefumba, mumewe akimwangalia kama anayeangalia mpira.

Hakupona kabisa. Vidole viwili vilibaki vimepinda, na baridi bado ilimfanya avae glavu. Lakini mchana mmoja wifi alikuwa anahangaika na skrubu ya saa ya kike, ndogo kuliko kichwa cha sisimizi, inamponyoka na kumponyoka. Mama Saa, bila kufikiri, akamnyang'anya kibano. Skrubu ikaingia. Akaikaza. Ndipo wote wawili wakagundua kilichotokea, wakatazamana.

"Aha," wifi akasema, akijifuta macho kwa upindo wa nguo. "Ndiyo nimefukuzwa kazi hivyo?"

"Kaa chini. Zipo mia mbili, na wewe unamaliza tano kwa siku. Nikikufukuza nani ataniambia umbea?"

Muda si mrefu Daktari akapiga simu. Walikuwa wanaanzisha utafiti mwingine, wa lupasi, na wagonjwa waliogopa. Je, Mama angekuja kuzungumza nao? Mama Saa alikwenda, na Mwalimu, ambaye hakualikwa, akaenda naye. Kwenye korido walimkuta mgonjwa mmoja, msichana karani, mashavu yake yana wekundu wa lupasi ulioenea kama mbawa za kipepeo, ameishika fomu kwa ncha za vidole.

"Shikamooni," akasema. "Mimi sielewi. Nikipangiwa maji, si nitakuwa nimepoteza mwaka wangu?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi nilipangiwa," Mama Saa akajibu, akaketi. "Sogea nikusimulie. Baadhi ya siku nililia, sitakuficha. Kuna siku nilitaka kumrushia mtu chungwa."

"Mtu huyo ni mimi," Mwalimu akasema, akaketi upande wa pili.

Wakamsimulia, wakikatizana, wakisahihishana tarehe na milimita. Msichana aliuliza maswali mengi, mengine magumu, na yale wasiyoyajua walimwambia amuulize Daktari. Akasoma fomu yote upya kutoka mwanzo, na wao wakanyamaza mpaka amalize, jambo lililowagharimu sana.

Mwishowe akainua kichwa, akaomba kalamu. Mwalimu alikuwa nazo tatu.